Asidi ya Uriki na Moyo wa Papa Kasongo

Siku mliyoniaga nilipostaafu mliniomba niseme maneno machache, na kabla sijafungua mdomo umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa, na watu wakaelekea kwenye chakula. Sikumlaumu mtu, mishikaki ilikuwa inapoa. Lakini niliyotaka kusema sikuyameza. Nayaandika hapa kwa ajili yenu mliobaki labo, yaani maabara yetu, hasa nyinyi mliokuta mashine tayari inachapa majibu yenyewe na kazi yenu ni kusubiri karatasi itoke. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama panya wamevibakiza. Mimi nataka kuwaeleza juu ya asidi ya uriki, na juu ya mtu aliyenifundisha kuipima.

Niliingia kazini mwaka wa 1993, miezi michache kabla nchi haijawaka moto. Nilikuwa nimetoka shule, na koti langu jeupe mama alikuwa amelipiga pasi hadi lingeweza kusimama bila mimi. Mkuu wa labo alikuwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Uvira aliyevuka mpaka ujanani kuja kufanya kazi Bujumbura, akaoa, akajenga Buterere kando ya mashamba ya mpunga. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kubwa, na miwani yake ilikuwa imeungwa kwa plasta ya hospitali. Aliniangalia viatu kwanza, uso baadaye.

"We ni nani?"

"Goreti, papa. Mi ndiye mufanyakazi mupya."

"Unaogopa damu?"

"Apana, papa."

"Ni mbaya. Uiogope kidogo. Mutu asiyeogopa damu anaimwaga."

Siku hiyo hakuniruhusu kugusa mashine hata moja. Nilifunga mpira kwenye mikono ya wagonjwa na kuufungua, basi. Alitaka nijue kwamba mpira ukikaa muda mrefu damu inabadilika, kwamba ukivuta bomba la sindano kwa pupa chembe zinapasuka, na kwamba mrija wa damu hautikiswi kama chupa ya dawa ya kikohozi. Seramu, yaani yale majimaji ya njano yanayobaki juu baada ya damu kuzungushwa, ikitoka na rangi ya waridi, alikuwa anaimwaga mbele ya macho yako na kukurudisha kwa mgonjwa kuomba radhi na kuchoma tena. Niliomba radhi sana mwaka ule. Wagonjwa wa Bujumbura wananifahamu kwa adabu.

Halafu ikaja Oktoba. Sitawaeleza vita, mnaijua wenyewe, au wazazi wenu wanaijua na hawapendi kuizungumza. Niseme tu kwamba mitaa iligawanyika kwa makabila, na mtu akawa anajua ni barabara ipi anaweza kupita na ipi hawezi. Mimi nilikuwa naishi Gasenyi, Papa Kasongo Buterere, na kati yetu kulikuwa na sehemu ambazo mtu wa kwetu hakushuka na mtu wa kwao hakupanda. Labo ndiyo iliyotukutanisha. Asubuhi mlango ukifunguliwa alikuwa anatuhesabu kwa macho, kisha anasema, "Sawa. Tufanye kazi," na kazi inaanza.

Vita vikiendelea, tukaletewa Dokta Nadine, daktari wa magonjwa ya ndani, mwanamke mwembamba aliyekuwa anatembea kama amechelewa hata asipochelewa. Karatasi zake za kuomba vipimo zilitushangaza. Sisi asidi ya uriki tulikuwa tunaipima kwa mtu mwenye jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuwaka hadi shuka likikigusa mtu anapiga kelele. Mjini wanauita ugonjwa wa wakubwa, kwa sababu ya nyama na bia. Dokta Nadine akawa anaiomba kwa watu wenye tansiyo, yaani presha ya damu, ambao vidole vyao vilikuwa vizima kabisa. Na aliyeletwa kwa kidole, yeye alikuwa anampima tansiyo na kumsikiliza moyo.

Papa Kasongo akaenda kumwuliza. Mimi nilimfuata na trei ya mirija ili nionekane nina shughuli.

"Dokta, we unatafuta nini mu uriki ya hawa batu? Vidole vyao havina neno."

Dokta Nadine akatusogezea viti. Sikumbuki daktari mwingine wa wakati ule aliyetusogezea viti. Akaeleza kwamba mwili unatengeneza asidi hii unapovunja vyakula fulani na unapovunja chembe zake wenyewe, na figo ndizo zinazoitoa nje. Ikizidi, inaganda kwenye viungo kama mchanga wenye ncha, ndipo kidole kinalia. Lakini yeye alikuwa ameona, huko alikosoma na hapa kwetu pia, kwamba wengi wenye asidi nyingi wana tansiyo, wana figo zilizochoka, na mioyo yao inafanya kazi kupita kiasi.

"Ni asidi inayoharibu moyo?" Papa Kasongo akauliza.

"Sijuwi, papa. Kuna wanaosema ndiyo inaharibu mishipa, na kuna wanaosema inatembea tu pamoja na tansiyo. Bado wanabishana. Mi sitangoja wamalize. Nikiona iko juu, naenda kuangalia moyo."

Papa Kasongo alitangulia kurudi labo. Kisha akasema, "Huyu mama anafikiri." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa; mimi niliipata mara moja tu, na nadhani alikuwa anaongea na mtu mwingine.

Halafu jeshi likapindua serikali, na nchi jirani zikafunga mipaka kwa biashara. Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za petroli. Sisi tunakumbuka friji ya labo ikiwa tupu. Dawa za kupimia zilikuwa zinakuja kwa sanduku dogo, na sanduku likiisha, kipimo kimeisha. Mkurugenzi wa hospitali akatuita. Alikuwa mtu wa haki, na alichosema kilikuwa na maana: kilichobaki kiende kwa malaria, kwa upungufu wa damu, kwa sukari. Asidi ya uriki ingoje amani.

Dokta Nadine akasema, "Daktari mukuu, moyo haungoji amani."

"Najua. Lakini sina dawa ya kuipima. Utapima na nini?"

Hapo Papa Kasongo akakohoa. Akasema kwamba zamani, kabla ya vile visanduku vya Ulaya, yeye alikuwa anaipima kwa mkono, na kwamba kwenye stoo ya nyuma bado kuna chupa ambazo hakuna mtu aliyezigusa kwa sababu hakuna aliyejua ni za nini. Mkurugenzi akasema, "Kama haiondoi kitu kwa watoto wa malaria, fanyeni."

Tuliingia stoo tukiwa na matambara puani. Chupa zilikuwepo. Njia yenyewe ni hii, na muishike, maana mashine zenu nazo zitakufa siku moja: unaondoa protini kwenye seramu, unatia soda, ile ya magadi na si ya kunywa, unatia dawa ya tungsteni, na mrija unageuka buluu. Asidi ikiwa kidogo, buluu ya maji ya ziwa karibu na ufukwe; ikiwa nyingi, buluu ya katikati ya Tanganyika. Halafu unaisoma kwa mashine ya kupima ukali wa rangi, na umeme ukikatika unaisimamisha dirishani kando ya mirija unayojua kiasi chake na kulinganisha kwa jicho. Mgonjwa umwulize kama amekula vidonge vya vitamini C, kwa sababu navyo vinaleta buluu ya uongo.

Ili kujaribu, tulihitaji damu za watu. Wafanyakazi wote tukatoa. Mimi, mfagiaji, mtunza stoo, hata mkurugenzi alikunja mkono wa shati. Papa Kasongo peke yake ndiye aliyekuwa na kazi nyingine kila nikimkaribia na sindano. Na alikuwa anachechemea. Alisema ni kiatu. Siku iliyofuata akaja na ndara mguu mmoja, kiatu mguu mwingine, akasema bado ni kiatu.

Nilimfungia njia mlangoni.

"Papa, leta mukono."

"Mi ni mupimaji. Sipimwi."

"Umenifundisha kutoa damu ya batu bazima na bagonjwa. Hukunifundisha kuacha mutu anachechemea apite."

Alinitazama, nikamtazama. Nilikuwa mdogo wake kwa kila namna, lakini mlangoni sikutoka. Mwisho akakaa, akakunja ngumi, akageuza uso ukutani kama mtoto.

Mrija wake ulitoka buluu hadi ukawa karibu mweusi. Akasema dawa imeharibika. Akaipima upya mwenyewe. Akasema soda imezidi. Akaipima tena, akanuna, akavua miwani, akaifuta. Nilikwenda kumwita Dokta Nadine, naye akaja na kifaa cha tansiyo shingoni kama skafu. Alipomaliza kusikiliza alimfungua mpira mkononi.

"Papa, tansiyo iko juu sana. Na moyo umeanza kupanuka."

"Sisikii kitu, dokta. Ni kidole tu."

"Ni kidole kimekuleta. Nakishukuru."

Akampa dawa za tansiyo, kiasi kilichopatikana. Bia, basi. Mishikaki ya maini, basi. Na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao Papa Kasongo alikuwa anakula kila siku ya Mungu, apunguze kabisa, kwa sababu nao wanaongeza asidi. Kuhusu bia alikubali. Kuhusu maini alikubali. Kuhusu ndagala alisema, "Dokta, mi ni mutu wa Uvira," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefiwa.

Alijitahidi. Mwaka ule mimi nilikuwa nachunguza sahani yake mchana, naye ananiita polisi. Tansiyo ilishuka. Kisha zikaja mvua kubwa, na pamoja na mvua mapigano upande wa chini, na Papa Kasongo hakuja kazini. Siku ya kwanza tulisema ni mvua. Ya pili tulisema ni risasi. Ya tatu nilikumbuka kwamba dawa zake zilikuwa zinakaribia kuisha.

Dokta Nadine aliniona nimevaa viatu vya mpira.

"Unaenda wapi, Goreti?"

"Buterere."

"Mutu wa kwenu haendi Buterere."

"Najua, dokta."

Akavua viatu vyake vizuri, akaomba viatu vya mpira kwa mfagiaji. Dereva wa gari la wagonjwa alikataa kwenda, na sikumlaumu. Alikuwa na watoto. Tukashuka kwa miguu, na mkoba wenye sindano, dawa ya kutoa maji mwilini, na kifaa cha tansiyo. Barabara ilikuwa tupu hivi kwamba tulisikia viatu vyetu wenyewe.

Kabla ya nyumba za Buterere kulikuwa na gogo katikati ya barabara, na wanajeshi. Mmoja alikuja.

"Munaenda wapi?"

"Tuna mugonjwa Buterere, afande," nikasema.

"Leo apana kuingia Buterere. Murudi."

"Mugonjwa hajuwi kama leo ni leo," Dokta Nadine akasema.

"Mama, mi nimesema apana."

"Nimesikia. Basi tutakaa hapa mupaka useme ndiyo."

Akakaa. Katika matope, na koti lake jeupe, akakaa kwenye ukingo wa barabara na kuweka mkoba magotini. Mimi nikakaa kando yake. Sikuwa jasiri, ila baada ya mwendo ule kukaa kulikuwa nafuu. Mwanajeshi aliondoka, akarudi, akafungua mkoba. Alipovuta ule mpira wa kifaa na pampu yake akaruka nyuma.

"Hii ni nini?"

"Ya kupima tansiyo," dokta akasema. "Leta mukono."

Mwanajeshi akahamisha bunduki mkono wa pili na kuutoa mwingine. Dokta Nadine akamfunga, akapampu, akasikiliza. Wenzake walisogea kutazama.

"Iko namna gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ya kwako iko muzuri. Ya ule muzee tunafuata haiko muzuri. Kama tukikaa hapa mupaka kesho, hatutahitaji kuipima."

Aliufunga mkoba mwenyewe, akaenda kuongea na mkubwa wake kwa redio. Waliongea sana. Aliporudi hakututazama usoni. "Mupite. Murudi mbele ya jua kufika katikati. Mukichelewa, mi sikuwaona."

Buterere ilikuwa imejaa maji hadi magotini. Tulimkuta Papa Kasongo kitandani, lakini hakulala. Alikuwa ameketi, mikono kwenye magoti, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Miguu ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa. Mkewe, Mama Furaha, alikuwa anampepea na kifuniko cha sufuria.

"Akilala anakosa pumzi," alisema. "Dawa imeisha zamani. Hakutaka niseme."

"Kwa nini, papa?" nikauliza.

Alijibu kwa vipande. "Batoto... hawana dawa. Mi... muzee... naomba nini?"

Dokta Nadine hakubishana naye. Alimchoma sindano ya kutoa maji, akamshika mkono, tukangoja. Pumzi ikapungua kasi kidogo, si sana. "Hapa atakufa," dokta aliniambia pembeni. "Tumupandishe."

Majirani wawili wanaume walitoka. Walikuwa na kila sababu ya kubaki ndani, na sura zetu hazikuwa sura walizotarajia, lakini walileta baiskeli ya kubebea magunia ya mpunga, wakamkalisha nyuma wima, wakamfunga kwa kitenge cha Mama Furaha, wakasukuma. Kwenye maji tuliibeba baiskeli na mtu juu yake. Yeye alikuwa anahema na mimi nilikuwa namhesabia, vuta, toa, vuta, toa, kwa ukali, kama alivyokuwa ananifokea juu ya mirija. Tulipofika kwenye gogo, majirani walisimama wakaogopa kusogea. Yule mwanajeshi alikuja, akawaangalia, akashika gurudumu la mbele, akalivusha juu ya gogo. Tukaendelea.

Aliponea hospitalini. Dokta Nadine alisema bila zile dawa za mwanzo moyo ungekuwa umechoka mapema zaidi, na tusingemkuta ameketi. Lakini dawa ya kutoa maji ina ubaya wake, nanyi muujue: inazuia figo kutoa asidi. Basi moyo ulipotulia, kidole kikawaka upya, na wodi nzima ikamsikia.

"Munaokoa moyo, munaua kidole!"

"Papa," dokta akamwambia, "vidole uko navyo ngapi?"

"Kumi."

"Na moyo?"

Akameza dawa yake.

Alirudi kazini akiwa amepungua hadi koti lake lilimzunguka mara mbili. Alichofanya kwanza kilikuwa kuweka kiti na kifaa cha tansiyo mlangoni mwa labo. Kila aliyeletwa kwa asidi ya uriki alipimwa tansiyo kabla ya kuondoka, na ikiwa juu Papa Kasongo alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa Dokta Nadine, akichechemea. Wengine waligoma. Walisema wamekuja kwa kidole. Aliwaambia, "Mi pia nilikuja na kidole." Mipaka ilipofunguliwa na visanduku vikarudi, na dawa ya kupunguza asidi yenyewe ikapatikana, kiti kilibaki pale pale.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Mashine yenu ikichapa namba ya juu, usiizungushie tu kalamu nyekundu ukaendelea na mrija unaofuata. Uliza tansiyo yake imepimwa lini. Wataalamu bado hawajamaliza kubishana, nami nimestaafu bila kusikia hukumu, lakini kupima tansiyo hakumdhuru mtu, na baadhi ya niliowaona wakipimwa walikuwa wanatembea na moyo mgonjwa bila habari.

Papa Kasongo alistaafu vita vikiwa vinaelekea kwisha, akarudi Uvira kwa watoto wake. Alikuwa anavuka mpaka mara kwa mara kuja kupimwa, na kila mara analalamika juu ya ndagala. Halafu akaacha kuja, na siku moja Mama Furaha alikuja peke yake, na kitambaa cha msiba kichwani. Alinieleza mlangoni, nikampeleka kwa dokta.

Dokta Nadine alikuwa na mgonjwa. Alipotuona aliweka kalamu chini, akamwomba mgonjwa atoke kidogo.

"Ilikuwa moyo?" akauliza.

"Apana, dokta," Mama Furaha akasema. "Ni malaria. Ilimupanda kichwani, ikamuchukua haraka."

"Si moyo?"

"Dakitari wa Uvira alimusikiliza mupaka mwisho. Alisema moyo ulikuwa unapiga muzuri, ndio ulisimama wa mwisho."

Dokta Nadine alifunika uso kwa mikono, akalia, na Mama Furaha akalia, na mimi. Kisha dokta akafuta macho kwa ukingo wa koti, akasimama, akanyoosha mgongo, akamwita mgonjwa wake arudi ndani, akamwambia alete mkono.